Mjadala: Je, mashirika ya afya Kisumu yalazimishwe kufuata mpango mmoja wa kaunti?

Ndugu wanamjadala, swali lililo mbele yetu ni kama mashirika yasiyo ya kiserikali yanayotoa huduma za afya katika kaunti za ziwa yaachwe yashirikiane kwa hiari, au kila kaunti iyafunge kwa mpango mmoja. Wengi waliotangulia wametetea hiari, wakisema kwamba kaunti haiaminiki na kwamba mashirika madogo yatamezwa. Mimi natetea mpango mmoja, kwa sharti nitakaloeleza hapa chini, kwa sababu ushirikiano tulio nao sasa umebaki zaidi katika mikutano ya wadau kuliko katika kazi yenyewe.

Mfikirieni mama wa makamo wa mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, anayeishi na virusi vya Ukimwi na ambaye pia ana shinikizo la damu. Dawa za ARV hupewa bila malipo katika kliniki iliyojengwa kwa fedha za wafadhili, ilhali vidonge vya shinikizo la damu mara nyingi hulazimika kuvinunua mwenyewe, na anayemtembelea nyumbani kwa mambo ya lishe ametumwa na shirika jingine ambalo halijui lolote kuhusu maradhi hayo mawili. Kila shirika litamhesabu katika ripoti yake kuwa mtu aliyehudumiwa. Akiacha kuonekana, nani atamfuata?

Udhaifu wa mpangilio huu ulidhihirika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na wahudumu wengi waliolipwa kwa fedha hizo wakaambiwa wabaki nyumbani. Pale mradi ulipokuwa na chumba chake, wafanyakazi wake na daftari lake, mbali na vya serikali, hospitali ya umma iliyo hatua chache tu kutoka hapo haikuwa na njia rahisi ya kuwapokea wagonjwa ambao haikuwahi kuwaandikisha.

Kujenga ndani ya mfumo wa umma si ndoto. AMPATH, programu ya afya iliyoanzishwa Eldoret mwaka 2001 kukabiliana na Ukimwi, ilishikamana na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, na kutoka hapo ikaweza kupanua huduma zake hadi kisukari, shinikizo la damu na saratani. Kule Migori, shirika la afya la Lwala Community Alliance liliwachukua nyamrerwa, wakunga wa jadi ambao kina mama walikuwa tayari wanawaamini, likawafundisha na kuwalipa kama wahudumu wa afya ya jamii badala ya kuwafukuza, tena kwa kushirikiana na serikali ya kaunti. Mfano huu wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa ulianza na watu waliokuwepo kijijini kabla ya mradi wowote.

Hapo ndipo mpango wa Kisumu ungeanzia. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa vya kazi, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi iliahidiwa kutoka serikali ya kitaifa na ya kaunti, nusu kwa nusu. Shirika lenye mradi wa vyandarua, wa kifua kikuu au wa lishe liwapitie hao hao, liwaongezee malipo kwa kazi ya ziada, na taarifa za kila boma ziingie katika daftari moja ambalo zahanati inaweza kulisoma. Kaunti ina msingi wa kudai hivyo, kwa maana Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi vituo vya afya na huduma za msingi.

Nakubali kwamba wanaoishuku kaunti wana sababu nzito. Madaktari wa umma walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, hospitali za misheni ziliwapokea wagonjwa wengi ambao hawakuwa na pengine pa kwenda, na zisingeweza kufanya hivyo kama uendeshaji wake ungekuwa mikononi mwa serikali. Kwa hiyo sharti langu ni hili: mpango uwe mmoja, lakini fedha za mashirika zisipitie hazina ya kaunti. Kila shirika litangaze kata linazohudumia, bajeti yake kwa kila kata na tarehe ya mwisho wa mradi, na kaunti nayo itangaze, katika waraka huo huo, dawa ilizonunua na posho ilizolipa. Kikundi kidogo cha kina mama wa Kano kisidaiwe makaratasi sawa na shirika lenye ofisi Nairobi. Ukurasa mmoja unakitosha.

Na kaunti ikishindwa kulipa posho kwa robo mwaka, mashirika yawe huru kuwalipa wahamasishaji moja kwa moja, mradi yasiwahamishe kutoka katika maboma yao wala kuwapa daftari jipya. Wanaopinga mpango mmoja, hasa ndugu wa Siaya na Homa Bay, naomba watueleze ni nani katika mpangilio wao wa hiari anayelazimika kumtafuta yule mama wa Nyalenda asipofika kliniki.