Mpunga uliozama huishije bila oksijeni?

Muulizaji: Nimesoma kwamba mpunga wa kawaida ukizama kabisa hufa baada ya takriban wiki moja, ilhali wenye jeni ya SUB1A huweza kustahimili hadi wiki mbili. Je, seli hutambuaje kwamba oksijeni imepungua?

Mchangiaji wa kwanza: Kipimo chenyewe ni protini za kundi la ERF-VII, ambazo mwanzoni mwake zina asidi ya amino iitwayo sisteini. Oksijeni ikiwapo, vimeng'enya huioksidisha sisteini hiyo na protini nzima hupelekwa kuvunjwa. Oksijeni ikikosekana, protini husalimika, huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za uchachushaji, yaani kuvunja sukari ili kupata nishati bila oksijeni. Tija ya uchachushaji ni ndogo mno, kwani molekuli moja ya glukosi hutoa ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) 2 tu, badala ya 30 hivi oksijeni ikiwapo.

Mchangiaji wa pili: Naongeza jambo linalosahaulika mara nyingi: SUB1A, iliyotambuliwa mwaka 2006, nayo ni ya kundi hilo, lakini hukwepa uvunjaji huo. Huchochewa na ethilini, gesi inayonaswa ndani ya mmea kwa sababu majini husambaa polepole, kisha huzuia mwitikio wa jiberelini, homoni ya kurefusha mmea, hivyo shina halirefuki na akiba ya wanga haiishi upesi.

Muulizaji: Mbona mpunga wa maji ya kina hurefuka?

Mchangiaji wa pili: Huo hutumia jeni za SNORKEL. Ethilini ni ileile, matokeo ni kinyume: pingili hurefuka hadi majani yatokeze juu ya maji. Katika mafuriko ya siku chache, mbinu hiyo ingeumalizia mmea akiba yake ya wanga.