Naombeni ushauri: nadonoa kibodi kwa vidole viwili, nijifunze kutaipu bila kuangalia au muda umeshapita?

Mchapakazi_Kimya
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Kazi yangu ni kuandika kutwa nzima, ripoti, barua, mihtasari ya vikao, na miaka yote nadonoa kwa vidole viwili macho yako chini kwenye kibodi, nikija kunyanyua kichwa nakuta mistari mitatu yote herufi kubwa kumbe niligusa Caps Lock. Ila sio kwamba niko slo, spidi ninayo. Sasa ofisini tumeletewa kijana, huyo anakutazama usoni mnapiga stori huku vidole vinatembea na kazi inatoka safi. Nikajaribu kuweka vidole kama yeye, aisee nikawa kama mtoto wa chekechea, sentensi moja inanitoa jasho, nikarudi kwenye vidole vyangu viwili maana kazi za watu zinasubiri.

Naomba kujua, kwa mtu anayeikaribia arobaini inalipa kweli? Maana siku hizi unaongea na simu inaandika yenyewe, na hizi akili bandia nazo zinakuandikia barua nzima. Na kama inalipa, naanzaje bila kuharibu kazi?

Spesi_Baa
Inalipa mkuu. Gusa F na J hapo ulipo, utasikia vinundu. Vile vimewekwa kwa ajili ya vidole vya shahada, ukivipata tu umeshajua mikono ikae wapi bila kutazama.

Mama_Stenseli
Mdogo wangu, mimi nilifundishwa kwenye mashine ya kuchapa, zile za kugonga mpaka vidole vinauma, na mwalimu alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa. Tangu hapo nimeshabadilishiwa vifaa mpaka nimechoka kuhesabu, mashine ya mkono, ya umeme, kompyuta za mezani zile za kichogo, laptopu, na programu ndo usiseme, kila nikiizoea wanaiondoa wanaleta nyingine na semina juu. Kitu pekee ambacho sijawahi kuitiwa semina ni hizo herufi. Ni mpangilio ule ule wa Sholes wa Marekani, Remington walianza kuuza mashine zake 1874, na mpaka leo A iko pale pale kwenye kidole cha mwisho cha kushoto. Kuna bwana Dvorak aliusajili mpangilio wake 1936 akisema ni bora zaidi, watu hawakuhama. Kwa hiyo ukijifunza sasa hivi, hiyo ni yako mpaka unastaafu na baada ya hapo.

Mbishi_Halali
Mimi napingana na nyie kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Aalto University kule Finland waliwapima watu 30 wakitaipu, wakaona wale waliojifunza wenyewe kwa vidole vichache wengine wanaenda sawasawa na waliosomea vidole kumi. Sasa jamaa kasema spidi anayo, ya nini kujitesa? Dunia ya kuongea na simu hii.

Nondo_Taratibu
Mbishi_Halali utafiti upo na spidi umesema kweli, ila umesoma nusu. Hao hao watafiti walikuta tofauti kwenye macho, waliojifunza wenyewe wanatumia muda mwingi zaidi kuangalia kibodi. Na hapo ndo penye faida yenyewe, spidi ni nyongeza tu. Mtu anayeangalia chini haoni kosa linapotokea, analiona baadaye, anarudi nyuma, anafuta, anapoteza alichokuwa anataka kusema. Anayeangalia skrini kosa analihisi kidoleni kabla hata halijatokea vizuri, anafuta anaendelea, wazo liko pale pale. Na ukiwa unanakili kutoka kwenye karatasi ndo kabisa, huna haja ya kutafuta tena ulikuwa umefikia mstari gani.

Hii ni hoja ya zamani sana. 1888 kule Cincinnati, Marekani, walishindanishwa wachapaji wawili, Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri kibodi yote kichwani na anatumia vidole vyote bila kuangalia, Traub alikuwa anaangalia vitufe. McGurrin akashinda, na habari ile ikachangia sana watu kuanza kufundishwa hivyo.

Hilo la kuongea na simu, sawa, kaongee ofisini wenzako wote wasikie barua ya siri. Na majina ya watu je? Yanatoka vituko. Akili bandia nayo unaiagiza kwa kuandika, ikikupa rasimu unakaa kuirekebisha kwa kuandika vile vile.

Mchapakazi_Kimya
Nondo hapo kwenye wazo kupotea umenipata, mimi huwa nadhani ni usahaulifu. Haya, kazi za kila siku nafanyaje sasa?

Kodi_Bila_Chai
Nikujibu kwa uzoefu. Mwanzoni spidi lazima ishuke, hakuna dawa ya hilo, kwa hiyo usianze wiki yenye kazi ya haraka. Tenga dakika kumi na tano au ishirini kila siku za mazoezi tu, kazini endelea na kudonoa kwako mpaka mikono ikishajua herufi zote ndo uhamie jumla. Wapo watakaokwambia hamia siku ya kwanza, labda wao hawana mabosi. Ila ukishahamia usirudi, ukichanganya kidogo huku kidogo kule vidole vinachelewa sana kushika.

Sahau spidi kabisa, tafuta usahihi. Ukikosea kosea punguza mwendo, na ile hamu ya kuchungulia ikija acha kidole kitafute chenyewe kikose, hivyo ndo kinavyojifunza. Shifti bonyeza kwa mkono wa upande mwingine, A kubwa unaipiga na Shifti ya kulia. Na viganja visilale kwenye ukingo wa laptopu, vikae hewani kidogo la sivyo utakuja kulalamika mikono.

Programu za bure zipo kibao, TypingClub ina masomo hatua kwa hatua, Klavaro unaweka kwenye kompyuta unafanya bila intaneti. Tatizo masomo mengi ni ya Kiingereza, yanakuzoesha mfuatano wa herufi ambao huku hauupigi. Kiswahili tuna A nyingi balaa, andika tu "wanatakiwa" uone, A nne kwenye neno moja na zote zinaangukia kidole dhaifu kuliko vyote, bado W zake mbili za kidole cha pete jirani yake. Kwa hiyo hicho kidole cha mwisho cha kushoto kitachoka mapema, ni kawaida. Uzuri wake ni kwamba mstari wa kati peke yake unakupa maneno kamili, anza nayo: kaka, dada, lala, hasa, kaa, saga, haja, faa. Ukimaliza panda mstari wa juu maana irabu nyingine zote ziko huko, E, U, I na O. Halafu shuka kwa N na M, zote mbili ni za kidole cha shahada cha kulia na tunazitumia kila dakika. Q na X achana nazo mpaka mwisho. Ukishajua herufi zote ingia Monkeytype, kuna sehemu ya kubandika maandishi yako mwenyewe, weka barua zako za ofisini ufanyie mazoezi.

Spesi_Baa
Naongezea, usivunjike moyo na namba za spidi ambazo hizo programu zinakupa, maneno mangapi kwa dakika. Kwenye vipimo hivyo "neno" ni herufi tano ukihesabu na nafasi, sio neno kama neno. Ukiandika "wanaotusubiri" umeshahesabiwa karibu matatu.

Mbishi_Halali
Haya nimekubali ya macho. Ya arobaini bado hamjamjibu.

Mama_Stenseli
Nimewafundisha watu wazima kuliko huyo. Mtu mzima anachelewa kwa sababu anaona aibu kuwa polepole, vidole vyake havina shida. Afanyie nyumbani kama ofisini anaona soni.

Mchapakazi_Kimya
Asanteni wakuu, nimeshaweka Klavaro. Swali dogo tu, B ni ya kidole gani? Mkono wa kulia unaikimbilia wenyewe.

Kodi_Bila_Chai
Shahada ya kushoto, pamoja na R, T, F, G na V. Y ndo ya kulia. Mkono wa kulia ukiikimbilia B urudishe sasa hivi, ukizoea kuishika kwa kulia halafu siku moja ukapewa zile kibodi zilizogawanywa katikati utaitafuta hutaiona.