Mdogo wangu mvuvi wa Igombe anavuta sigara na vepu (sigara ya kielektroniki) kwa pamoja, naomba ushauri aache vipi

Dada_wa_Igombe
Habari za jioni wakuu. Nina mdogo wangu, tumbo moja, anavua dagaa huku Igombe, Mwanza, na tunakaa naye nyumba moja. Sigara kaanza kitambo, na wavuvi mnajua wenyewe: usiku ziwani baridi, usingizi, kila mtu ana pakti mfukoni. Mwaka jana kijana mmoja wa mjini kamuuzia vepu, akamwambia ni mvuke wa maji tu, itamwachisha sigara. Sasa anavuta vyote viwili. Ziwani sigara, nyumbani kile kidude chenye harufu ya embe, tena ndani watoto wakiwepo. Asubuhi anakohoa, na akibeba gunia la dagaa kutoka mwaloni lazima atue njiani apumzike. Nimemfokea hadi nimechoka, na nikimfokea anazidi kujificha. Ni kweli ni maji tu? Na mtu wa kazi ile anaachaje? Kejeli sihitaji, huyu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Mfamasia_Buzuruga
Pole dada. Si maji. Mle ndani kuna propilini glaikoli, gliserini, vionjo na nikotini. Waya unapata moto, majimaji yanafuka. Yakichemka hivyo yanazalisha sumu za fomaldehaidi na akrolini, na waya wenyewe huachia chembe za madini ya nikeli na risasi. Ni kweli hakuna lami ya sigara, kwa hiyo mvutaji anayehama moja kwa moja akaiacha sigara kabisa anapunguza sumu. Mdogo wako hajahama, ameongeza.

Angalia lebo. Ikisema 5%, ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita, na nikotini ndiyo inayomshika, ndiyo inayopandisha presha na mapigo ya moyo. Kama ana kichupa cha kujazia, kifungiwe mbali: mtoto akikinywa ni sumu, mkimbizeni hospitali.

Ila kabla ya yote, hicho kikohozi. Kikiwa kimefika wiki mbili apimwe TB, msiseme tu "ni sigara zake". Uvutaji wenyewe unaongeza hatari ya kuugua TB. Vipimo na dawa ni bure vituo vya serikali. Aanzie zahanati ya karibu, ikibidi watampa rufaa.

Kijana_wa_Malimbe
Samahani mfamasia, mbona Uingereza huduma yao ya afya inawashauri wavutaji wahamie vepu? Halafu Marekani 2019 watu wakafa mapafu. Tushike lipi?

Mfamasia_Buzuruga
Yote ni kweli mkuu. Uingereza wanazungumza na mvutaji mtu mzima anayehama kabisa, na sheria yao hairuhusu nikotini kuzidi miligramu 20 kwa mililita. Hizi za kuuziana mkononi nani kazipima? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaka hatua za haraka, hasa kuwakinga watoto na vijana, maana ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi.

Marekani, hadi Februari 2020 walihesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Wengi walivuta vimiminika vyenye kilevi cha bangi, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa humo. Kwa hiyo tusimtishe huyu kijana kwamba kesho atakufa vile. Akigundua tumemdanganya, hata la TB hatalisikia.

Mvuvi_Mstaafu
Mwanangu, dagaa nimevua tangu ujanani na sigara niliacha. Asiache wakati wa giza, ndipo dagaa wanavuliwa. Angoje mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu na watu wanashona nyavu. Arosto, yale mateso ya kukosa nikotini, kali ni zile siku tatu za mwanzo mpaka wiki. Ukimpeleka ziwani siku hizo, wenzake wanawasha pembeni yake usiku kucha, hafiki asubuhi. Nyumbani utampikia, atalala. Atakuwa mkali, atakosa usingizi, atakula sana. Usigombane naye, baada ya wiki mbili mpaka nne inalegea. Hamu ikimshika inakaa dakika chache tu inapita: anywe maji, atafune karanga au muwa.

Na wenzake waambiwe mapema, nahodha hasa. Mimi nikiulizia kiberiti, nahodha wetu alikuwa ananipa kamba nivute, wala haongei kitu.

Mfamasia_Buzuruga
Shikamoo mzee, la mbalamwezi nimelipenda sana. Niongeze: aache vyote siku moja. Ikimshinda, sigara itangulie, moshi wa tumbaku ndio mbaya zaidi.

Famasia za mjini aulizie bigijii au kibandiko cha nikotini. Bigijii hii haitafunwi kama ya watoto: anatafuna taratibu mpaka asikie kama pilipili, anaibana kati ya shavu na fizi, ikipoa anatafuna tena. Soda na kahawa asiguse robo saa kabla. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke anahitaji ya miligramu 4, wengine 2. Vidonge vipo pia, vareniklini na bupropioni, lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na mwenye kifafa hapewi bupropioni.

Dada_wa_Igombe
Mungu awabariki. Shikamoo baba, mbalamwezi haiko mbali. Lebo nimeiona, ni 5% kweli. Nimeongea naye bila kufoka, kakubali kupima TB kwanza. Swali la mwisho: mke wake ni mjamzito, ule mvuke unamfikia?

Mfamasia_Buzuruga
Unamfikia dada, una nikotini, na nikotini inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kuvutia ndani kukome leo, hilo lisingoje mbalamwezi. Zahanati waende wote wawili, na mkewe naye aseme kama anakohoa.