Watoto wamekua, nguvu zangu zimekwenda wapi?

MamaWatatu_Tabata
Habari zenu wazazi wenzangu. Nina miaka 42, fundi cherehani, watoto wangu wana miaka 16, 12 na 8. Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu mkubwa shule ya bweni milimani Lushoto. Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda wakakataa kupanda kwa ajili ya utelezi, ikabidi tutembee. Tranka alilibeba yeye kichwani. Mimi nilikuwa na mkoba na mfuko wa sukari na sabuni tu, lakini kila hatua thelathini nasimama, pumzi hakuna. Nilipoinua macho nikamwona amelitua tranka juu kwenye kona, anashuka kunifuata. Akachukua na ule mfuko. Hakusema kitu, akanishika mkono.

Tangu siku hiyo sijatulia. Uvivu siujui mimi. Nilipokuwa na huyo binti mgongoni nilikuwa natembea kutoka Tabata hadi soko la Buguruni na kurudi na mzigo. Maji nilichota kwa jirani, ndoo nane kwa siku. Halafu watoto wakakua. Wa kwanza akawa wa kutumwa dukani, wa pili akaanza kuchota maji na kufagia uwanja, na huyu mdogo sasa hivi hata mkasi ukiwa chumbani namwita aniletee. Juzi nilijihesabu: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana niliinuka mara mbili. Cherehani ya kukanyaga nilishaiuza, ninayo ya mota. Yaani kila mtoto alipoongezeka nguvu, kuna kazi moja ilitoka mwilini mwangu, na sikuiona ikiondoka.

Ninyi mlio na watoto wakubwa mnafanyaje? Hela ya jimu kila mwezi sina. Magoti yananiuma nikichuchumaa. Jumapili alfajiri vikundi vya jogging vinapita hapa vikiimba, natamani, ila naona haya.

BabaMapacha_Mwanza
Pole dada. Kosa langu mimi lilikuwa kinyume na lako, naliandika ili usilirudie. Wanangu wana miaka 14. Mwaka jana shuleni kwao kulikuwa na mechi ya wazazi na wanafunzi. Nilikuwa sijakimbia miaka kumi, nikavaa jezi nikaingia moja kwa moja. Dakika ya saba nikachanika msuli wa nyuma ya paja, wanangu wakanitoa wamenishika huku na huku. Nilichechemea wiki sita.

Nilipopona nilianza na kutembea tu. Jumamosi alfajiri nakwenda na mmoja wao kuzunguka Capri Point, wiki inayofuata na mwingine. Kipimo changu ni pumzi: niweze kuongea na mtoto, lakini nisiweze kuimba. Na nikuambie, njiani kijana husema mambo ambayo mezani hayasemi. Kwa sababu hiyo peke yake siachi.

Viungo_Mombasa
Salaam dadangu. Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, na ulivyolieleza jambo lako ndivyo nilionavyo kwa kina mama wengi wanaonijia. Usijilaumu sana kwa Lushoto: kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari na wewe umetoka Dar, kifua huusikia kidogo urefu huo. Lakini kusimama kila hatua thelathini ni jambo la kuangaliwa. Kabla ya zoezi lolote nenda kapimwe presha na sukari. Ukiwahi kubanwa kifua au kupata kizunguzungu ukipanda ngazi, mwambie daktari hilo kwanza.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu. Hizo 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hizi siku mbili za nguvu ndizo watu huzisahau, na wewe ndizo unazozihitaji zaidi, kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini kama haipewi kazi. Goti hushikiliwa na paja. Paja likilegea, goti huelemewa.

Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Kaa, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Usichuchumae kwanza. Ukizoea, chukua madumu mawili, yajaze maji hadi nusu, lita kumi kila moja, uyabebe mkono huu na huu utembee uwanjani mgongo ukiwa wima. Hiyo ni kilo ishirini, na haina ada ya mwezi.

MzeeMuheza
Mwanangu, nina miaka 67, watoto sita na wajukuu. Nimesoma nikaogopa usije ukawanyang'anya watoto kazi zao. Mtoto kutumwa ni malezi, usiache. Ila si lazima yeye aende na wewe ukae. Mimi na marehemu mke wangu tulipalilia michungwa na watoto wetu, kila mtu na jembe lake, mpaka walipoondoka nyumbani. Leo mjukuu akienda kisimani nakwenda naye, yeye ndoo kubwa, mimi ndogo.

Na haya za jogging uziache. Kaa nyuma na wanaotembea. Kila kikundi kina watu wa nyuma.

MamaWatatu_Tabata
Shikamoo mzee wangu, asanteni nyote. Leo ni wiki ya tatu. Presha nilikuta 148 kwa 92, nimepimwa tena wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, daktari ameniandikia dawa na ameniruhusu kutembea. Kama ningekaa kimya nisingejua.

Mkasi, nyuzi na pasi nimeviweka chumba cha pili, na nimewaambia watoto wasiniletee hata nikisahau. Nimenunua raba za mtumba pale Karume. Jioni natembea na huyu wa miaka 8 hadi relini na kurudi. Mwanzoni alikuwa ananivuta, sasa twaenda sambamba. Jumapili nilikaa nyuma kabisa ya kikundi. Kulikuwa na mama mwingine amejifunga khanga kiunoni, tukapatana.

Kiti nimefika mara kumi na mbili. Tabibu wa Mombasa, goti la kushoto linalia kama kijiti nikiinuka, ila haliumi. Niendelee au nipumzike?

Viungo_Mombasa
Likilia bila kuuma wala kuvimba, endelea. Likivimba, likifunga ghafla au likikulegea ukitembea, simama na uende likaangaliwe. Na hiyo dawa ya presha usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.