Touran ya dizeli kwa familia ya watu sita, nichukue 1.6 au 2.0?

BabaWanne

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimezunguka na hili jambo wiki tatu sasa na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Tuko sita nyumbani, mimi, mama watoto na watoto wanne, mkubwa ana miaka 14 na mdogo ana 3. Gari tulilonalo ni la viti vitano, kwa hiyo kila safari kuna mtoto anapakatwa na hilo sitaki tena kabisa. Nimeamua kuchukua Volkswagen Touran used ya viti saba, dizeli. Gari lenyewe halina mjadala, tumelikalia wote, viti vya nyuma kabisa vinalala chini ukitaka kupakia mizigo, mama watoto kalipenda.

Shida ni injini. Nimepata mbili, zote za 2012. Ya kwanza ni 1.6 TDI hp 105, otomatiki, imetembea km 128,000. Ya pili 2.0 TDI hp 140, gia za mkono, km 174,000. Bei zinakaribiana sana.

Matumizi yangu, siku za kazi ni kupeleka watoto shule na kurudi, km 4 tu kwenda, na gari linashinda limepaki. Halafu mara mbili kwa mwezi tunaenda kwa wazazi, km 260 kwenda peke yake, barabara ina milima mirefu, gari limejaa watu na mizigo mpaka juu.

Mimi nilikuwa naegemea 1.6 kwa ajili ya mafuta na kilomita zake chache, ila jamaa yangu anasema 1.6 kwenye gari zito vile ni kulitesa. Nani yuko sawa?

Safari_Ndefu

2.0 mkuu, usifikirie mara mbili. Nimeendesha zote. Ukiwa peke yako hutaona tofauti kubwa, jaza watu sita na begi zao halafu kamata mlima nyuma ya lori, ndipo utajua. Kwenye 1.6 unarudi gia ya tatu na kukanyaga mpaka chini, na bado unajiuliza kama utamaliza kulipita lile lori kabla ya kona. Ukiwa na watoto nyuma hilo sio suala la raha, ni usalama.

FundiNozeli

Naona wengi wanaanzia kwenye hp, mi nianzie kwenye Nm, yaani kipimo cha nguvu ya mzunguko (torque), maana kwenye dizeli ndio kinachokuvuta. Hiyo 1.6 inatoa Nm 250 na hiyo 2.0 inatoa Nm 320. Kipenyo cha pistoni kwenye hizo injini mbili kinakaribia kulingana, 79.5 mm na 81 mm, tofauti kubwa iko kwenye mwendo wa pistoni, 1.6 inapanda na kushuka 80.5 mm, 2.0 ni 95.5 mm. Mkono wa krenki ukiwa mrefu unasukuma kwa nguvu zaidi, sawa na kufungua nati kwa spana ndefu.

Lakini kuna jambo watu hawalisemi. 1.6 inafikisha hizo Nm 250 zote kuanzia mizunguko 1500 kwa dakika, 2.0 inafika kilele chake kuanzia 1750. Ndio maana ukiijaribu 1.6 kwenye barabara tambarare mko wawili tu inakupa moyo, inaamka haraka, unasema hii inatosha. Kwa hiyo usikubali kujaribu gari ukiwa wewe na dalali peke yenu. Nenda na familia yote, pakia kabisa, tafuta mlima. Gari lile tupu lina tani moja na nusu hivi, mkiingia nyote na mizigo linapita tani mbili, hapo ni gari lingine.

Kuhusu mafuta, injini ndogo haili kidogo siku zote. Inakula kidogo pale inapofanya kazi nyepesi. Ukiibebesha mzigo mkubwa mlimani unaikanyaga muda wote, turbo inasukuma hewa nyingi na pampu inamwaga dizeli nyingi kuendana nayo, basi ile faida inapungua sana na mlima ukiwa mrefu inaweza kuisha yote. Kwa safari zako za wazazi usitegemee 1.6 ikuokolee kitu cha maana. Mjini ndio itakuokolea kidogo.

Ila kaka, kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako sio 1.6 wala 2.0, ni hizo km 4. Injini zote mbili zina DPF, yaani kile kichujio cha masizi kwenye eksozi. Kinanasa masizi, kikijaa kiasi fulani kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili joto lifike karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Hiyo kazi inataka injini iliyopata moto na dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Km 4 injini haijapata hata joto vizuri, wewe unazima. Ukikatiza hiyo kazi mara kwa mara ile dizeli ya ziada inapita pembeni ya pistoni inashuka kwenye oili, unakuta kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka na watu wanafurahi eti gari halili oili. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, na wa kwanza kuumia ni turbo.

MamaPacha

Niwatetee wenye 1.6 kidogo jamani, maana mnaisema kama vile ni injini ya pikipiki. Mimi nina hiyo hiyo 1.6 TDI ya hp 105, gia za mkono, mwaka wa tano sasa, tuko watano nyumbani. Haijawahi kuniacha njiani. Ni kweli mlimani hukimbii, unapanga mapema, unashusha gia kabla gari halijachoka badala ya kusubiri lianze kutetemeka, na ukitaka kumpita mtu unahakikisha una nafasi ya kutosha kweli. Nimezoea na sina haraka. Mimi lakini naendesha km 35 kila siku kwenda kazini barabara kuu, nadhani ndio sababu DPF haijawahi kunisumbua, na oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kwa hiyo kaka BabaWanne usiikatae 1.6 kwa sababu watu wameiita dhaifu. Ila kwako wewe, sita na milima, mara mbili kila mwezi, hata mimi ningekwenda na 2.0. Na swali, hiyo 1.6 yako umesema otomatiki? Hapo ningemsikiliza FundiNozeli kwanza.

FundiNozeli

Asante dada, umenikumbusha. Ndio, hapo kuna jambo kubwa kuliko injini yenyewe.

Otomatiki ya 1.6 ni DSG, giaboksi otomatiki ya Volkswagen, ya gia 7 yenye klachi mbili kavu. Ile giaboksi imetengenezwa kubeba Nm 250. Injini inatoa ngapi? 250 hizo hizo. Iko kwenye ukingo wake kila unapokanyaga mpaka chini. Klachi kavu haina oili ya kuipoza, kwa hiyo foleni na kupandisha mlima taratibu umejaza watu ndiyo mambo yanayoimaliza. Kwenye giaboksi hizi mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani kubadilisha oili kutoka ya sintetiki kwenda ya mineral, kwa hiyo uliza kama hilo gari lilipitia huko. 2.0 ya otomatiki ni DSG ya gia 6, klachi zake zinaogelea kwenye oili, inabeba mpaka Nm 350, ila ina masharti, oili na filta ya giaboksi kila km 60,000 bila kuruka.

Yako ya 2.0 ni ya mkono, hapo unaangalia klachi na flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi. Ni flaiwili ya vipande viwili vyenye springi katikati. Zima injini usikilize, ukisikia kama mnyororo unaanguka ndani ya debe au gari linatikisika vibaya wakati wa kuzima, flaiwili imechoka, na hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi. Km 174,000 inawezekana kabisa imefika muda wake. Kinachoiua haraka ni mtu kutembea gia ya tano mshale uko 1200 halafu anakanyaga, anadhani anaokoa mafuta.

Kimya_Kimya

Mimi niseme la kwangu kuhusu DPF kwa sababu liliniuma. Gari langu la kwanza la dizeli lilikuwa jipya kwangu, safi, sikulifanyia ujinga wowote, ila nilikuwa naendesha km 3 kwenda kazini na km 3 kurudi, basi. Miezi saba taa ikawaka. Sikujua maana yake nikaendelea wiki nzima. Likaingia kwenye hali ya kujilinda, halivuti, halipiti spidi ya kawaida. Karakana ya kwanza wakaniambia tukate kichujio tutupe, nikakataa, ya pili wakakitoa na kukisafisha nje ya gari. Nililia siku ile, kwa kweli, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dizeli ya kisasa inataka safari ndefu.

Kaka kama mama watoto ndiye atakuwa nalo siku za kazi mwelezeni na yeye. Akikuta gari limesimama na slesi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu kidogo kuliko kawaida, feni inaunguruma baada ya kuzima, harufu ya kuungua, ndio linachoma masizi, asizime, azunguke nalo kidogo.

Na samahani kuuliza, ulifikiria petroli?

BabaWanne

Daah wakuu, nimesoma yote mara mbili. Petroli niliifikiria dada, ila kwa mzigo na milima ile nimeendesha ya petroli isiyo na turbo ya jamaa yangu na haikunifaa. Km 4 za shule mkubwa anaweza kutembea na wa pili wake, kwa hiyo tumekubaliana gari litoke siku mbili tu za katikati ya wiki, na mojawapo mama watoto atapita barabara ya mzunguko, ni kama dakika 25 bila taa za barabarani. Pamoja na zile safari za wazazi nadhani kichujio kitapumua.

1.6 nimeiacha, sababu ni hiyo giaboksi zaidi kuliko injini. Kesho asubuhi naenda kuikagua 2.0. FundiNozeli nipe cha kuangalia, mimi sio fundi.

FundiNozeli

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika tu weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto jua kuna kitu wamekificha, dizeli mbovu huonyesha ubovu wake ikiwa baridi. Washa mwenyewe, mtu mwingine asimame nyuma. Inatakiwa iwake mara moja. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usioisha ni maji au dizeli isiyoungua, mweusi ukikanyaga ni hewa inavuja kwenye mabomba ya turbo au nozeli zinamwaga.

Halafu ingiza kidole kwenye bomba la eksozi. Gari lenye DPF nzima bomba lake ndani linakuwa karibu safi, kidole kikitoka cheusi ti kimejaa masizi basi kichujio kimepasuka au kimeshakatwa. Hakuna dalali anayekumbuka kusafisha hapo.

Injini ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha oili taratibu, mvuke kidogo ni kawaida, ikipuliza kama jiko la mkaa linalopepewa, ringi zimeisha. Taimingi belti uliza ilibadilishwa lini na kwa karatasi, ikiwa hakuna karatasi hesabu haijabadilishwa, utaibadilisha wewe pamoja na pampu ya maji wiki ya kwanza. Mwisho nenda na mwenye mashine asome vipimo vya kila nozeli na jivu lililopo kwenye DPF. Masizi yanaungua, jivu haliungui, na ndilo linalokuambia kichujio kimebaki na maisha kiasi gani, na pia linasaidia kujua kama kilomita zimerudishwa nyuma.

Na hizi injini zote mbili ni za ile familia ya sakata la moshi la Septemba 2015, Volkswagen ilipobainika kudanganya vipimo vya moshi, kwa hiyo uliza kama ilifanyiwa marekebisho. 2.0 ilikuwa programu ya kompyuta tu, 1.6 iliongezewa na kipande cha plastiki mbele ya sensa ya hewa. Sio sababu ya kulikataa, ila ujue unanunua nini.

BabaWanne

Mrejesho wakuu. Nimefika saa moja asubuhi, boneti ya moto. Muuzaji anasema alilisogeza tu kupisha gari lingine. Nikaingiza kidole kwenye eksozi, kimetoka kama nimeshika sufuria ya kuni. Nikamuuliza DPF iko wapi, akasema magari haya hayana. Nikamshukuru nikaondoka.

Kuna nyingine 2.0 ya 2013, mkono, km 191,000, mwenyewe mmoja tangu mwanzo na faili lote la sevisi analo, belti na pampu ya maji zilibadilishwa km 150,000 na karatasi nimeiona kwa macho. Kilomita zake nyingi zinanitia hofu kidogo. Alikuwa anaendesha km 80 kwa siku barabara kuu.

MamaPacha

Hiyo ndiyo ya kukimbilia kaka. Km 191,000 za barabara kuu zenye karatasi ni bora kuliko 128,000 za foleni usizojua zilitunzwaje.

FundiNozeli

Naungana na dada. Sikiliza flaiwili wakati wa kuzima, kama hana risiti ya kuibadilisha ingiza hiyo kwenye maelewano ya bei. Na mkienda kulijaribu wapakie wote sita.