Waliopasuliwa watoto wao kwa ajili ya kifafa: miaka ikishapita hali ikoje?

Mama Imrani, Tanga
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 5, kifafa kilimwanza akiwa na miezi 8. Yuko kwenye dawa ya tatu na bado kinamchukua, hasa alfajiri. MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, imeonyesha kipande cha gamba la ubongo (tabaka lake la juu) upande wa kulia hakikuumbika sawasawa tangu tumboni. Daktari ametaja upasuaji. Habari za siku yenyewe ya upasuaji nimezisoma nyingi. Nataka za baadaye: waliofanyiwa zamani wako vipi leo?

Baba Rehema, Mombasa
Pole sana dada. Wangu ni hali hiyohiyo, upande huohuo, karibu na sehemu inayoendesha mkono wa kushoto. Alipasuliwa New Delhi mwaka 2016, akiwa na miaka 5. Kabla ya hapo kliniki moja ilituzungusha miaka 3 kwa kubadilisha dawa, hakuna aliyeagiza MRI. Miaka ile inaniuma hadi leo.

Usiku wa mwisho kabla ya upasuaji kilimchukua mara 11. Najua kwa kuwa naandika kwenye daftari: saa ngapi, kimeanzia wapi, kimekaa muda gani. Cha Rehema huanzia kidole gumba cha kushoto. Kinajikunja ndani ya kiganja, mkono unakaza, halafu macho yanageukia upande mmoja. Baada ya upasuaji daftari likakaa tupu miezi 14. Nikaona tumeshapona, nikaanza kumpunguzia dawa bila kumwambia daktari. Wiki ya tatu, asubuhi, ameshika kikombe cha uji, nikaona kidole gumba kinajikunja.

Picha mpya ilionyesha kipande kilichobaki. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba hapo hatakata, angekata mkono ungepooza. Tukarudi kwenye dawa kamili. Leo Rehema anasoma sekondari. Mwaka jana kilimchukua mara 3, zote usingizini, hakuna iliyofika dakika moja. Hesabu zinamsumbua na kusoma kwake ni taratibu; hayo upasuaji haukuyaondoa. Lakini anajisuka mwenyewe, kwa mikono yote miwili, na dukani anakwenda peke yake.

Muuguzi, wodi ya watoto
Kuna utafiti wa New Delhi uliotoka 2017, watoto 116 ambao dawa ziliwashinda. Baada ya mwaka mmoja, 77% ya waliopasuliwa hawakuwa na kifafa tena. Kwa waliobaki na dawa tu ni 7%. Lakini ni mwaka mmoja tu, na si wote waliokuwa na tatizo la mwanao. Pia 15 kati ya 57 waliopasuliwa walipata udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kwa gamba lililoumbika vibaya, jambo kubwa ni kama kipande chote kimetoka, na mpaka wake mara nyingine hauonekani vizuri hata kwenye MRI. Na dawa, mama, usiguse mwenyewe.

Mama Imrani
Ahsante kaka, ahsante muuguzi. Cha Imrani huanzia pembe ya mdomo, kushoto, mate yanamtoka kwanza. Sikuwahi kumwambia daktari hilo. Daftari nimenunua leo. Jumanne naenda nalo, nimuulize hicho kipande kinapakana na nini.