Cheti cha teknolojia ya tovuti: tumelipa ada kamili, tumefundishwa mambo yaliyokwisha kufutwa

Ndugu wanajukwaa,

Nimemaliza cheti cha teknolojia ya tovuti, ngazi ya nne ya NTA (Tuzo za Taifa za Ufundi), katika chuo kimoja cha kati hapa Dar es Salaam, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Ada ilikuwa shilingi 1,200,000, na sehemu yake mama aliikopa kwenye kikoba ambacho bado anakirejeshea kila Jumamosi.

Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo katika ofisi ndogo inayotengeneza tovuti, nilipewa kazi ya kuunganisha fomu ya shule fulani na kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za tovuti. Niliandika kama kitini kilivyoelekeza, kwa amri ya mysql_connect, na seva ikajibu kwamba haiitambui amri hiyo. Msimamizi wangu aliniuliza kwa upole nimeitoa wapi, kisha akanionyesha kwamba amri zote za kundi hilo ziliondolewa katika toleo la 7 la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, lililotoka Desemba 2015. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi! Kwa somo hilo chuo kilinipa alama 78.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba kitini hichohicho kinachukua maneno anayoyaandika mtumiaji na kuyatia moja kwa moja ndani ya swali la SQL, lugha ya kuiulizia kanzidata, bila kinga yoyote, hata mtu mwenye nia mbaya akapata njia ya kusoma au kufuta kumbukumbu zote. Fomu ile ilikuwa ibebe majina ya watoto na namba za simu za wazazi wao. Katika mwaka mzima hakuna aliyetutahadharisha.

Tulitumia wiki mbili kujifunza Flash, programu ya michoro inayosogea kwenye tovuti, ambayo kampuni ya Adobe wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kurasa tulifundishwa kuzipanga kwa majedwali, wala hapakuwa na kipindi kimoja cha kuzipanga zisomeke kwenye simu, ilhali karibu kila mtu ninayemjua hufungua tovuti kwa simu. Mtihani wa HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, tuliufanya kwa kalamu na karatasi, na mwenzangu alikatwa alama kwa kusahau mshazari (/). Maabara ina kompyuta 14 kwa wanafunzi zaidi ya 60, na intaneti yake ilikuwa ikikatika kwa majuma, ingawa ada ya maabara tulilipa wote.

Mkuu wa idara alitujibu kwamba mtaala ndivyo ulivyo. Tuliuomba, tukausoma. Unataka mhitimu aweze kuunganisha tovuti na kanzidata, na hautaji amri hata moja. Amri zimo kwenye vitini, na vitini huandikwa na idara yake. Simlaumu mkufunzi peke yake, kwa kuwa amebebeshwa madarasa manne, lakini idara haiwezi kujificha nyuma ya waraka ambao haukuiagiza kufanya hivyo.

Tunadai vitini vipitiwe upya kabla wadogo zetu hawajaanza masomo Oktoba, na ada ya maabara irejeshwe. Barua yetu yenye saini 31 iko kwa mkuu wa chuo tangu tarehe 3 Juni, na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa tunayo. Kama yupo aliyewahi kudai haki ya namna hii akasikilizwa, naomba anieleze alianzia ofisi gani.